Kutoa upepo kwenye breki: mguu wa mwenzako, spana yako

Kabla hujanunua mafuta ya breki, kaa kwenye kiti cha dereva, washa gari, kanyaga. Pedeli inayozama laini kama sponji, kisha ukiipampu mara tatu nne inapanda na kukaza, hiyo ndiyo yenye dalili ya upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki. Ile inayoanza vizuri halafu inateremka polepole mguu ukiwa umetulia juu yake ina ugonjwa mwingine: kuna mahali panavuja, au raba za ndani ya masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga) zimechoka, na hapo utatoa upepo hadi jioni bila faida. Pedeli ikiwa ngumu kama jiwe na gari linasita kusimama, angalia busta, kifaa kinachoongezea mguu nguvu, na mpira wake wa vakyumu.

Inayowazungusha zaidi wanaoanza ni gari lenye dramu nyuma. Pedeli iko chini, ukipampu inapanda, lakini inapofika mwisho haina ulaini wowote. Hapo kwa kawaida si upepo. Breki shuu, vile vibao vinavyobana dramu kwa ndani, zimelika na zimekaa mbali na dramu, kwa hiyo mafuta mengi yanatumika kuzisogeza tu. Kaza adjasta (skrubu ya kusogeza shuu) kwanza mpaka gurudumu likizungushwa kwa mkono lisikike likikwaruza kidogo, ndipo upime tena.

Kazi yenyewe inasimama juu ya jambo moja: mafuta hayabanwi, hewa inabanwa. Povu dogo likibaki kwenye bomba, nguvu ya mguu inaishia kulibana hilo povu badala ya kubana pedi. Na povu si lazima litoke nje. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 na DOT 4 huvuta unyevu hewani, na maji yakizidi ndani yake yanachemka mapema. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi joto 205, lakini ikishavuta maji kiwango chake cha chini kinashuka hadi 140; DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishachoka. Ndiyo maana gari linaweza kushika breki vizuri mjini wiki nzima, halafu likateremka Kitonga au Lushoto kwenda Mombo na pedeli ikazama njiani: mafuta yamechemka, mvuke umejaa kwenye kalipa, kifaa kinachobana pedi. Yakipoa pedeli inarudi, na mwenye gari anadhani tatizo limeisha. Kwa sababu hiyo mafuta hubadilishwa yote kila baada ya miaka 2 hivi, na anayeishi pwani asichelewe.

Soma kifuniko cha kikopo cha masta silinda, aina imeandikwa pale. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja, zinaweza kukutana. DOT 5 ni silikoni, na licha ya jina lake kufanana na 5.1 haichanganyiki nazo. Nunua chupa iliyofungwa kwa lakiri. Iliyobaki dukani nusu, au kwako tangu mwaka juzi, iache. Nusu lita inatosha kutoa upepo, lita moja kubadilisha yote kwenye gari dogo. Oili ya injini, ya gia au ya stelingi isiguse kikopo hata tone, wala usioshe chochote humo kwa petroli au dizeli. Raba zote zitavimba, na utabadilisha mfumo mzima kwa ajili ya kosa la sekunde mbili.

Vifaa ni vichache: spana ringi ya kufungulia nipo, ile skrubu ndogo yenye tundu kwenye breki ya kila gurudumu inakotokea hewa (nyingi za magari ya Kijapani ni namba 8 au 10), mpira mwembamba unaoonyesha ndani wenye kipenyo cha milimita 5 au 6, chupa tupu, jeki, stendi mbili, matambara na ndoo ya maji. Mpira wa levo wa mafundi ujenzi kwa kawaida ni mpana mno. Ukipwaya kwenye nipo hutajua povu limetoka wapi. Ndoo ya maji ni kwa ajili ya rangi: mafuta ya breki yanabandua rangi ya gari, na tone likidondoka unamwagia maji papo hapo, hupangusi tu.

Weka mawe kwenye magurudumu yaliyobaki chini, na kama uwanja ni mchanga au changarawe tandika ubao chini ya stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Sasa, kabla ya kumwita mtu wa kukanyaga, jaribu nipo zote nne moja moja. Legeza kidogo, funga tena. Hapa ndipo siku inapoharibika, kwa sababu nipo iliyokaa na kutu miaka mitano inakatika, na ikikatika unahamia kwenye kununua kalipa au silinda ya gurudumu. Piga brashi ya waya, pulizia dawa ya kutu, subiri robo saa, gonga kidogo kwa nyundo, kisha tumia soketi ya pembe 6. Spana bapa itakula kona zake. Ikigoma kabisa, iache na umpelekee fundi ikiwa nzima.

Mpangilio wa magurudumu una mtego. Kanuni ya zamani ni kuanza lililo mbali zaidi na masta silinda. Video nyingi za Marekani zinasema anza nyuma kulia, na kwao ni sawa kwa kuwa usukani uko kushoto. Gari lenye usukani kulia, kama mengi ya Tanzania na Kenya, masta silinda yake iko kulia, basi unaanza nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, unamaliza mbele kulia. Baadhi ya magari yenye mabomba yaliyogawanywa kwa mshazari yana mpangilio wake kwenye kitabu. Kitabu kikiwepo, kifuate. Pikapu kama Hilux nyingi zina vali ya kupima mzigo juu ya ekseli ya nyuma, nayo huwa na nipo yake, ambayo wengi huisahau halafu wanashangaa nyuma hakushiki.

Jaza kikopo hadi alama ya juu. Vika mpira kwenye nipo, upande wa pili uuzamishe kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa. Mwenzako anapampu taratibu mara tatu, anakanyaga na kushikilia, anasema kwa sauti: "Nimeshika!" Wewe unafungua robo au nusu mzunguko tu. Pedeli inazama, mafuta na mapovu yanatoka. Unafunga, ndipo unasema: "Achia!" Akiachia kabla hujafunga, umevuta hewa uliyokuwa unaitoa, na mnaanza upya. Hilo kosa ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko mengine yote, kwa hiyo kubalianeni maneno hayo mawili kabla, na yeye asiachie mguu kwa kubahatisha. Gari likiwa la zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedeli isifike sakafuni. Sehemu ya mwisho ya masta silinda haipitwi na raba siku zote, ina kutu na uchafu, na raba ikipita pale inachanika.

Asipampu haraka haraka. Povu moja kubwa linapasuliwa kuwa mia, na hayo madogo yanachelewa kutoka. Mkishavuruga hivyo, pumzikeni dakika kumi na tano yakusanyike juu.

Angalia kikopo kila baada ya kukanyaga mara tano. Kikikauka, hewa inaingia kuanzia juu, na kwenye gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) inaweza kujificha ndani ya pampu yake, ambako mguu peke yake huwa haufiki. Itahitajika mashine ya dayagnosisi ya kuamuru vali zifunguke. Magari ya haibridi, yanayotumia injini na umeme, Prius na Aqua kwa mfano, usiyaguse kwa njia hii kabisa. Breki zake zina pampu ya umeme na mafuta yenye mgandamizo mkubwa.

Mapovu yasipoisha, tazama ukubwa wake. Madogo sana yasiyokoma, hasa ukitumia pampu ya kunyonya, huwa yanapitia kwenye nyuzi za nipo kutoka nje. Funga kidogo uone kama yanapungua. Na kama kalipa zimefunguliwa karibuni, hakikisha nipo iko juu. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto nipo inakaa chini, hewa inabaki juu yake, na hakuna atakayeitoa hapo mpaka zirudishwe mahali pake.

Kaza nipo kwa nguvu ya kiganja tu, rudisha kofia zake za raba ili tope lisizibe tundu. Kama pedi zimelika sana usijaze kikopo pomoni. Siku ya kufunga pedi mpya pistoni zitarudishwa ndani na mafuta yatamwagikia boneti.

Chupa ya mafuta machafu iandike. Yakikaa kwenye chupa ya soda yanafanana na soda kweli, na ni sumu. Yapeleke gereji inayopokea mafuta machafu ya breki.

Washa injini ukiwa umekanyaga: pedeli itashuka kidogo, hiyo ni busta inafanya kazi. Kanyaga kwa nguvu ushikilie nusu dakika, isizame. Mwenzako akiwa bado amekanyaga, pitisha tishu kavu kwenye kila nipo uone kama inavuja. Kisha endesha mahali patupu na tambarare, kilomita 10 kwa saa, halafu 20, mkono ukiwa karibu na handibreki uliyohakikisha inashika. Kesho yake asubuhi, kabla ya kutoka, angalia kikopo na upande wa ndani wa matairi.