Kitambaa nimenunua mwenyewe, mbona ushonaji bado ni ghali?

SWALI: Ninaolewa baada ya miezi mitatu. Satini na lesi za gauni la harusi nimenunua mwenyewe, lakini fundi wangu anataka malipo ya ushonaji yanayopita bei ya vitambaa vyote. Fundi mwingine ameangalia picha kwenye simu yangu, akasema atalishona kwa nusu ya bei hiyo, ndani ya wiki moja, bila kunisumbua kwa majaribio. Je, huyu wa kwanza ananipunja?

JIBU: Hakupunji, dada. Anayenitia wasiwasi ni huyo wa pili.

Swali hili huletwa kila msimu wa harusi, na kila mara limejengwa juu ya hesabu ileile: kitambaa ndicho gauni, ushonaji ni nyongeza. Kwa sketi ya kawaida hesabu hiyo hukaribia ukweli. Kwa gauni la harusi haisimami, kwa sababu kazi kubwa imo ndani, mahali ambapo picha ya simu haifiki. Kuna bitana, kuna tabaka za neti zinazoinua sketi, kuna vijiti vinavyosimamisha kifua, kila kimoja ndani ya njia yake iliyoshonwa. Kuna pia utepe wa kiunoni unaofungwa kwa ndani kabla ya zipu kupanda. Utepe huo ndio unaobeba uzito wa sketi. Gauni la mabega wazi likiukosa, bibi harusi atashinda akilivuta juu.

Lesi nayo haiungwi kwa kupitisha mashine katikati ya maua. Fundi hukata kwa kufuata ukingo wa ua, hulilaza juu ya jingine, kisha hulishonea kwa mkono mpaka kiungo kipotee. Maua ya lesi ya gauni la harusi la Kate Middleton, mke wa Mwanamfalme William wa Uingereza, mwaka 2011, yalishonewa kwa mkono, na washonaji walinawa kila baada ya dakika 30 na kubadilisha sindano kila baada ya saa 3. Uzi mweupe hunasa jasho la kidole, na sindano butu huharibu kitambaa. Satini ikishatobolewa pasipotakiwa, tundu hubaki. Ndiyo maana fundi makini hushona kwanza gauni la majaribio kwa kitambaa cha bei nafuu, akalirekebisha mwilini mwako, ndipo mkasi uguse satini yako.

Bei ikikushinda, ondoa shanga au fupisha mkia. Majaribio usiyaguse.

Nimechoka kuletewa magauni ya wiki moja zikiwa zimebaki siku mbili. Shanga zimebandikwa kwa gundi, zinapukutika mtu akikaa. Vijiti vinachoma mbavu. Satini imekatwa vipande vingine vikielekea juu na vingine chini, upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia, na hilo halina dawa ila kununua kitambaa upya. Mtu anayetaja bei kwa kutazama picha, kabla hata ya kuuliza utavaa kiatu cha urefu gani, hajui pindo lako litaishia wapi.

Kwa hiyo yeyote anayetafuta fundi, kabla ya kutoa malipo ya awali aombe kuona gauni moja aliloshona, aligeuze nje ndani. Atafute utepe wa kiunoni, kisha avute shanga moja kwa ukucha.