Wakikwambia una kansa adimu, tafuta kwanza jina lake kamili

Nlikuwa na miaka 34 nilipoanza kuhisi uvimbe nyuma ya paja la kulia, juu kidogo ya goti. Haukuuma hata kidogo na ndo maana nilikaa nao miezi na miezi nikijiambia ni msuli tu. Hilo la kutouma ndo linatupoteza wengi, tunaamini kansa lazima iume, kumbe sarkoma, yaani kansa inayoanzia kwenye nyama kama msuli na mafuta, au kwenye mfupa, mara nyingi inakua kimyakimya ndani ya nyama na maumivu yanakuja pale inapobana mshipa wa fahamu.

Nilipoenda kuonyesha daktari akauminya mara mbili akasema ni mafuta tu, tutautoa. Nikachomwa ganzi ya palepale, ukatolewa, nikashonwa nikarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hakuna MRI (ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku), hakuna kinyama kilichochukuliwa kwanza kupimwa. Wiki mbili baadae napigiwa simu niende na mtu wa kunisindikiza, hapo tu nikajua.

Naomba hapa unisikilize vizuri kwa sababu hili bado linaniuma. Uvimbe ulio ndani ya msuli, au unaoendelea kukua, au umezidi sentimita 5, usikubali ukatwe kabla ya picha. Ipigwe MRI kwanza, halafu kinyama kichukuliwe kwa sindano, na atakayepanga sindano ipite wapi awe ni yule yule atakayekupasua baadae, maana ile njia ya sindano nayo inabidi itolewe kwenye upasuaji. Mimi kwa vile nilikatwa kwa kudhaniwa, chembe zilibaki pembeni, na kovu lilikatwa kwa upana wa mguu badala ya kufuata urefu wake, kwahiyo mara ya pili ilibidi waondoe nyama nyingi zaidi ya ambayo ingehitajika mwanzo.

Sasa jina. Majibu ya kwanza yaliandikwa sarkoma, aina haijabainika, na nikaambiwa tuanze dawa tu tusichelewe. Dada yangu ndo aliyegoma, akauliza aina gani? Sarkoma zote zikijumlishwa ni kama 1 tu kati ya kila kansa 100 za watu wazima, na hizo chache zimegawanyika aina zaidi ya 70, kwahiyo mtaalamu wa maabara anaweza kufanya kazi miaka na akaziona chache mno. Siyo kosa lake, ila mwili ni wako. Omba sampuli yako isomwe tena na mtu anayeziona kila wiki. Na usiombe slaidi peke yake, vile vioo vyenye utando mwembamba wa sampuli, omba na bloki, kile kipande chako kilichogandishwa kwenye nta, kwa sababu vipimo vya jeni vinahitaji kukatwa upya.

Mimi nilizibeba mwenyewe. Bloki mbili ndogo kwenye kiboksi cha plastiki, kila moja imechorwa namba pembeni, na ukizishika kwenye mwanga unaona doa la kahawia katikati ya ile nta nyeupe. Nilikaa nimekipakata kile kiboksi njia nzima.

Jibu likarudi: sarkoma ya sinovia, imethibitishwa kwa kipimo cha jeni, vipande vya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) X na 18 vimebadilishana nafasi. (Jina lenyewe linapotosha, haitokani na utando wa viungo kama watu walivyodhani zamani.) Hiyo ilibadilisha mipango yote, sababu kuna aina ambazo kemo, yaani dawa za kuua kansa, haizigusi kabisa na nyingine zinaisikia, na hii yangu ni kati ya zinazosikia. Nikapata kemo, mionzi mara 25 kwa wiki 5, ndo upasuaji. Ukipigwa mionzi kabla ya kisu jiandae kidonda kuchelewa kufunga, changu kilichukua wiki nyingi sana na nilikata tamaa zaidi hapo kuliko wakati wa kemo yenyewe.

Watu watakuuliza kansa ya nini? Wanategemea useme titi, kizazi, tezi dume, ini. Ukisema sarkoma wanauliza tena, ya wapi? Nilichoka kueleza mpaka nikaacha kwenda kwenye mikusanyiko. Kilichonisaidia ni sentensi moja fupi, kansa ya nyama za mguu, basi, anayetaka kujua zaidi ataniuliza. Na takwimu za kuishi usizisome usiku ukiwa peke yako, nyingi zimechanganya aina tofauti na hatua tofauti, hazikuhusu wewe moja kwa moja, muulize daktari mchana ukiwa na mtu pembeni.

Sa hivi napigwa CT ya kifua (picha ya eksirei ya kina) kila miezi 3, maana sarkoma ikisafiri huwa inakimbilia mapafuni. Wiki ya kipimo silali vizuri na nimeacha kujilazimisha niwe jasiri, nawaambia wa nyumbani kabisa kwamba wiki hii nivumilieni.

Kitu kingine, usione aibu kumuuliza daktari ameshatibu wangapi wenye kansa kama yako. Mimi niliuliza sauti ikitetemeka, yule aliyekuja kunipasua mara ya pili akanyamaza kidogo, akasema, "Wawili. Wewe wa tatu, na ndo maana kabla hatujapanga tarehe nataka nimpigie mwenzangu aliyetibu wengi." Hapo nikasaini fomu.