4x4 au 4x2 kwa pikapu ya shamba? Anza na kalenda ya mzigo wako

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu ya wadau waliotangulia. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa anaishi Morogoro mjini, ana shamba la mpunga na mahindi ndani Kilosa, kipande cha mwisho cha njia ni udongo mweusi wa mbuga, na kuna mto kabla ya shamba. Hela aliyonayo inampa moja kati ya mbili: Hilux 4x4 (inayoweza kusukuma kwa tairi zote nne) ya zamani iliyotembea sana, au Hilux 4x2 (inayosukuma kwa tairi mbili za nyuma tu) ya mwili wa juu, yaani iliyoinuka, ya miaka ya karibuni. Wengi mmemwambia shamba bila fowili, yaani hiyo 4x4, ni kujitesa. Mimi napinga, walau kwa shamba lake yeye.

Niko Njombe. Nachukua viazi vijijini nakuja navyo barabara kubwa, nikirudi napeleka mbolea na mbegu. Nimeendesha 4x2 miaka mingi, sasa hivi naendesha 4x4, na siiachi. Ila ningekuwa nalima mpunga Kilosa ningenunua 4x2 bila kuumiza kichwa, na sababu yangu haihusu gari kabisa. Ni kalenda.

Viazi vya mvua huku tunapanda Novemba na Desemba, vinang'olewa kuanzia Februari mpaka Aprili. Miezi hiyo ndiyo barabara za vijijini zimeoza. Kwa hiyo mzigo mzito na tope vinakutana siku moja, na mnunuzi wa Dar hana habari kwamba huku kumenyesha. Mwenye chai hivyo hivyo: majani mabichi yanachumwa kwa wingi mvua zikiwepo, na yanatakiwa yafike kiwandani siku hiyo hiyo. Mwenye maziwa ndiyo kabisa, ng'ombe anakamuliwa kila siku, liwe jua iwe mvua. Watu wa namna hii mkiwaambia wanunue 4x4 nitawaunga mkono.

Wewe masika yako ni Machi hadi Mei. Mpunga unauvuna kuanzia mwishoni mwa Mei, Juni, Julai, mahindi yanafuata. Wakati unasomba magunia, ile mbuga imekauka mpaka imepasuka nyufa, hata Noah inapita. Na wakati mbuga imelowa, unakwenda shambani kufanya nini? Kuangalia maji, kulipa vibarua wa palizi, kupeleka mfuko wa urea na dawa. Hiyo ni kazi ya bodaboda. Acha pikapu changarawe inapoishia, panda boda, rudi. Mbolea ya kupandia iingize stoo kabla masika hayajakolea. Kwa hesabu hiyo unataka kulipia mwaka mzima kifaa utakachokihitaji wiki chache, na hata wiki hizo kuna njia nyingine.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, maana naona humu watu wanaizungumzia fowili utadhani ni hirizi.

Fowili za Hilux nyingi zilizoko mitaani kwetu ni zile za kuweka na kutoa. Ukiwa H2 tairi za nyuma peke yake zinasukuma. Ukiweka H4, transfa, yaani ile gia boksi ndogo iliyo nyuma ya kubwa, inaunga propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye tairi) ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja. L4 inafanya hivyo hivyo lakini inapunguza mwendo na kuongeza nguvu karibu mara mbili na nusu. Hapo katikati hakuna difu, yaani kifaa kinachoruhusu pande mbili zizunguke kwa mwendo tofauti, kwa hiyo kwenye lami kavu usiiweke: ukikata kona tairi za mbele zinatembea njia ndefu kuliko za nyuma, mfumo hauna pa kupumulia, usukani unakuwa mzito, tairi zinalika na ipo siku kitu kitavunjika. (Zipo L200 zenye difu ya katikati, zile zinaruhusu lami. Ndiyo tofauti yake na Hilux na wenye L200 hawachoki kutukumbusha.)

Halafu kila ekseli ina difu yake, na difu ya kawaida ina tabia moja: tairi moja likiwa kwenye tope linazunguka bure, na la upande wa pili lililo pakavu linasimama linatazama. Ndiyo maana utakuta 4x4 imekwama, tairi moja la mbele na moja la nyuma yanarusha matope, mawili yametulia tuli. Pikapu ya 4x2 yenye loki ya difu ya nyuma, tairi zote mbili zinasukuma kwa lazima, inatoka sehemu nyingi ambazo 4x4 isiyo na loki inabaki. Ukipata 4x2 ya mwili wa juu yenye loki, hiyo iangalie mara mbili.

Kingine, pikapu tupu nyuma ni nyepesi. Injini yote iko mbele, na kwenye 4x2 tairi za kazi ziko nyuma ambako hakuna uzito. Watu wanakwama wakiwa watupu kisha wanatoa hukumu kwamba 4x2 haifai. Kwenye utelezi wa juu juu, magunia matatu manne ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma yanabadilisha gari kabisa. Tope la kuzama ni habari nyingine, huko uzito unakuzamisha.

Niwape mfano wa mahali ninapopajua. Kuna kilima kabla ya kijiji kimoja ninachochukulia viazi, udongo mwekundu, mvua ikinyesha saa moja tu kinakuwa kama kimepakwa sabuni. Chini pale vijana wanakaa na majembe wakisubiri magari. Gari ikifika hawaangalii maandishi ya ubavuni. Wanainama kuangalia tairi. Ukiwa na kashata nzuri, yaani tairi za meno makubwa, wanakuambia "pita tu braza, ukishindwa tupo." Ukiwa na kipara wanataja bei kubwa papo hapo kabla hujazima gari, hata kama imeandikwa 4x4 kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya bonde. Hao vijana hawajasoma ufundi popote ila wana jibu la nusu ya uzi huu.

Na Fuso zinazopanda kilima hicho hicho na viazi juu? Zote ni za kusukuma nyuma. Zinafunga minyororo tairi za nyuma na kupanda taratibu. Minyororo hiyo inapatikana hata ya saizi ya pikapu, mafundi wa kuchomelea wanaitengeneza ukiwapelekea saizi ya tairi. Kufunga kunachafua nguo, sikatai, na ukifika pakavu lazima uifungue la sivyo inakula tairi.

Kushuka sasa. Nimeona hapo hapo double cabin ya 4x4, mpya kabisa, dereva kaweka fowili na kujiamini, kashuka na gia kubwa, katikati ya mteremko akagusa breki. Usukani ukageuka, gari haikugeuka. Ilikwenda kiubavu mpaka mtaroni, ikalala pale mpaka jioni. Fowili inasukuma, haisaidii kusimama. Breki za tairi nne hata Vitz inazo. Kilichotakiwa pale ni L4, gia ya kwanza, mguu mbali na breki, injini ndiyo ishike gari. Hapa ndipo L4 inapolipa pesa yake, kwenye milima yetu. Wewe Kilosa ya chini huko ni tambarare, faida hii huioni.

Na mbuga iliyolowa ina ubaya wa peke yake. Ule udongo unanata, unajaza mifereji yote ya tairi, unapanda mpaka kwenye madigadi, baada ya mita mia hivi tairi limeshakuwa bonge la udongo lisiloshika kitu. Hapo Hilux 4x4 ya tairi za kawaida inakaa tumbo chini sawasawa na 4x2. Kinachopita pale ni trekta. Kwa hiyo hata ukinunua hiyo fowili, ile njia yako ya mwisho mwezi wa Aprili bado itakushinda siku nyingi tu.

Sasa suala linalonitia wasiwasi kuliko yote: umri wa hiyo 4x4. Fowili ya zamani ambayo haijatumika kwa miaka mara nyingi ni pambo. Gari nyingi zilizozeeka mjini hazijawahi kuwekwa H4 tangu ziingie nchini. Siku unayoihitaji ndiyo unagundua imekufa. Kama lazima uende kuiona, nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji, na muanzie chini ya gari. Propela ya mbele ipo? Usicheke, kuna watu wanaitoa ili gari iwe nyepesi na ipunguze kelele, kisha wanauza kama 4x4. Mipira ya sivi joint (viungo vya shafti zinazozungusha tairi) za mbele ikiwa imepasuka na grisi imeruka pembeni, ujue mchanga umeshaingia ndani. Fungua nati ya difu ya mbele uone mafuta: yakiwa meupe, maji yameingia. Pima tairi zote nne kama ni saizi moja, kwa sababu tairi za mbele zikitofautiana na za nyuma, ukiweka fowili transfa inaumia.

Kisha endesha. Tafuta uwanja wa changarawe au mchanga, weka H4, kata kona kali taratibu. Usukani ukiwa mzito na gari ikawa inang'ang'ania, mfumo unaunga. Ikizunguka laini kabisa kama vile hujaweka kitu, kuna mahali pamekatika. Angalia na taa ya fowili kwenye dashibodi. Toyota nyingi za kipindi hicho zinaunga ekseli ya mbele kwa upepo unaopita kwenye vimirija vya mpira, vimirija vikipasuka taa inawaka na kuzima bila kutulia na mbele haiungi. Hilo dogo, ni la kubadilisha vimirija, lakini ni sababu nzuri ya kushusha bei. Zile za zamani zaidi zenye loki za kuzungusha kwa mkono kwenye tairi za mbele, zizungushe zote mbili mwenyewe. Zikiwa zimeganda kwa kutu umeshajua gari haijashuka lami muda mrefu. Jaribu na L4 pia, wengi wanaishia H4.

Mafuta na matunzo sitaki kurefusha. 4x4 imebeba difu ya ziada, propela ya ziada na transfa, hivyo ni nzito zaidi na ina oili nyingi zaidi za kubadilisha. Kodi nayo, kama unaagiza nje, ingiza zote mbili kwenye kikokotoo cha TRA ulinganishe kabla hujapenda picha.

Jambo la mwisho la kuliangalia ni barabara yenyewe, kwa sababu gari utakaa nayo miaka na barabara haikai ilivyo. Njia ya Ludewa huku kwetu ilikuwa na sehemu ambazo masika huwezi kumpeleka mtu bila fowili. Leo Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, ni zege. Waliouza nyumba ya urithi kununua Land Cruiser kwa ajili ya kipande kile wanapishana na Probox. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Pita ofisi yao Kilosa uulize kipande chako kimo kwenye bajeti ya changarawe au la. Hawatakufukuza.

Kwa hiyo ningekuwa wewe: nachukua 4x2 ya mwili wa juu, naweka tairi nne za kashata za maana, nanunua kamba ya kuvutia, koleo, minyororo, na jeki nzuri pamoja na kipande cha ubao mpana cha kuweka chini yake (jeki bila ubao kwenye tope inazama yenyewe, gari inabaki pale pale). Njia ikiwa na mchanga punguza upepo wa tairi mpaka psi 20 hivi, ukifika changarawe jaza tena kabla ya kukimbia. Na usipakie lumbesa ukahesabu kama gunia. Hilux ni ya tani moja, lumbesa kumi zinazidi tani, na springi hazijui kama gari ni 4x4 au 4x2.

Kuna kitu kimoja tu kinaweza kunibadilisha mawazo, na hukukisema. Umetaja mto kabla ya shamba. Una daraja, au ni drifti, yaani kivuko ambacho gari inapita ndani ya maji? Kama ni drifti, maji yanafika wapi kwenye mguu wa mtu mwezi Juni unapoanza kusomba, na chini ni zege au mchanga? Kama ni zege na maji ya kifundoni, nunua 4x2. Kama ni mchanga na una kingo ya kupanda ukiwa na tani mgongoni, tafuta 4x4, lakini siyo hiyo ya zamani; subiri uongeze hela. Tupia na picha ya hicho kivuko tukione.