Unakwenda Malmö, Uswidi, kusomea uhamiaji? Soma hii kwanza

Kwanza hongera kwa nafasi. Kibali cha ukaazi kishughulikie mapema, maana ukizidisha miezi mitatu viza ya kawaida haitoshi. Ujue pia kwamba anayekuja kwa muhula mmoja hapewi namba ya utambulisho ya Uswidi. Hiyo ni ya wanaokaa mwaka mzima au zaidi. Bila namba hiyo huna Swish, ile M-Pesa yao, kwa hiyo hakikisha kadi yako ya benki ya nyumbani inakubali nje. Basi, hayo yaishe.

Kazi yenyewe iko kwenye takwimu. Rejista za Uswidi haziandiki kabila, zinaandika nchi ya kuzaliwa, yako na ya wazazi wako. Mtoto aliyezaliwa Malmö na wazazi wote wawili wazaliwa wa Somalia anahesabiwa kuwa mwenye asili ya kigeni. Mama angekuwa mzaliwa wa Uswidi, mtoto huyo huyo asingekuwemo. Papo hapo, sheria inatambua jamii tano za wachache wa taifa: Wasami (wenyeji wa asili wa kaskazini), Wayahudi, Waroma, Wafini wa Uswidi na Watornedali (watu wa bonde la mto Torne, mpakani na Ufini). Waulize Wasami ni wangapi, utapewa makadirio tu. Kwa hiyo kila makala unayopewa, anza na sehemu ya mbinu. Wengi huiruka, halafu wanabishana semina nzima kumbe kila mmoja ana watu wake kichwani.

Kwenye semina mwalimu anaitwa jina lake la kwanza (utazoea), na ukimya wako hauhesabiwi kuwa adabu. Ila usikubali kugeuzwa msemaji wa Afrika. Peleka mfano unaoujua. Mimi nilipeleka Wamakonde wa Kenya, ambao wazee wao walitoka Msumbiji, wengine kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai uraia. Darasa lililozoea kuona uhamiaji kama habari ya watu kuingia Ulaya lilikuwa na maswali mengi siku hiyo.

Rosengård utaisikia sana: maghorofa ya enzi za mpango wa nyumba milioni moja, 1965 hadi 1974, na mtaa aliokulia mwanasoka Zlatan Ibrahimović. Nenda, lakini usiende na daftari kama mtalii wa mbugani. Watu wa pale wamehojiwa mpaka wamechoka. Na ukikutana na Wakongo waliokuja kama wakimbizi, Kiswahili kitakufungulia mlango haraka mno. Mama atakwambia mambo ambayo alidhani anamwambia jirani, si mtafiti. Jitambulishe upya kabla hujaandika chochote, na majina yaache nje.

Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, iko ng'ambo ya daraja la Öresund, safari fupi ya treni. Tangu wimbi la 2015, watu wapatao 163,000 walipoomba hifadhi Uswidi, ukaguzi wa mpakani umerudi. Beba pasipoti na kadi ya ukaazi hata ukienda kunywa kahawa tu, na treni ikisimama Hyllie, kituo cha kwanza upande wa Malmö, wakati wa kurudi, tazama nani anaombwa karatasi na nani anapitwa.