Muulize Anti: Wananiwekea mia tano mapajani

Mbukwenyi wasomaji wangu. Safari hii nimechagua barua tatu za humuhumu Dodoma. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana imenigusa penyewe, wanaonifahamu wanajua natembea na magongo tangu utotoni.

SWALI: Shikamoo Anti. Mi ni fundi simu hapa Majengo, nina miaka 31, natumia kiti mwendo baada ya ajali ya bodaboda. Kinachonikera ni watu kunipa hela wakati sijaomba, yani nipo kituoni nasubiri bajaji mtu anapita ananiwekea mia tano mapajani, "pole baba", huyo kaenda. Juzi kwenye harusi ya shemeji yangu ndo balaa, mzee mmoja kaja mpaka mezani kanishika kichwa kanipa elfu mbili mbele ya wakwe. Nikamrudishia. Sasa ukoo mzima wa mke wangu unasema nina kiburi, na mke mwenyewe ananiambia hela ni hela ungepokea yaishe. Na hapo vijana wanne walishanibeba mzobemzobe kunipandisha ngazi za ukumbi, na suti yangu. Hivi kweli nina kiburi? (Fundi, Ipagala)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kiburi huna. Harusini watu wote wanatoa hela, si ndo kutunza kwenyewe, huyo mzee angemtunza bibi harusi akicheza nani angeshangaa? Ila bibi harusi anatunzwa kwa sababu anafurahiwa, wewe ukapewa kwa sababu umeonewa huruma, na wakwe zako wamekaa hapo wanaangalia mume wa binti yao anavyopewa sadaka. Noti ni ileile. Mkeo simlaumu, anajua bei ya unga, lakini muulize siku moja taratibu kama yeye angependa kuwekewa mia tano mapajani kwa sababu tu kakaa.

Mi mwaka juzi nimepanda daladala Jamatini konda akapiga kelele "jamani mpisheni mgonjwa akae", gari zima likanigeukia, na siku hiyo mgonjwa alikuwa yeye maana alikuwa anakohoa kuliko injini. Nilikaa lakini, siti siikatai.

Sema sikushauri ugombane na kila mtu. Bibi akifungua fundo la kanga akakupa mia mbili mi nasema pokea, maana bibi wa namna hiyo anampa hata mjukuu wake mwenye miguu miwili mizima. Vijana na watu wa makamo hao warudishie kwa utani, "asante kaka, hii niletee dukani nikubandikie protekta". Akija amekuwa mteja, asipokuja basi. Na anayekushika kichwa kukuombea bila ruhusa mwambie kabisa toa mkono, hapo utani hamna.

Ila kilichoniuma mimi kwenye barua yako ni zile ngazi, na wewe umezitaja kama kitu kidogo tu. Watu 300 wamekaa humo, kamati ya harusi imechangisha keki ghorofa tano, hakuna aliyeuliza shemeji atapandaje. Hesabu yenyewe si kubwa. Kipimo ambacho mafundi wengi wanakitumia ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za mteremko, kwa hiyo ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni sentimita 45, unahitaji mteremko wa mita 5 na nusu hivi. Mchanga, kokoto, mifuko ya saruji na fundi wa siku chache, mwenye ukumbi anairudisha kwa harusi moja tu na bado akina mama wenye watoto wa kubeba na wazee wa magoti watamshukuru. Tena siyo hisani, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 inataka majengo yanayohudumia umma yafikike. Kwa hiyo harusi ijayo ingia kwenye kamati mapema, na kabla advansi haijalipwa uliza ukumbi una mteremko au hauna. Hapo ndo watakuita mwenye kiburi vizuri.

SWALI: Anti mwanangu ana miaka 8, ana ualbino. Mwalimu anasema haoni ubaoni nimpeleke shule ya wasioona, na babu yake hataki hata aonekane kwa wageni. Nifanyeje? (Mama, Bahi)

JIBU: Pole mama. Watoto wengi wenye ualbino wanaona, ila hawaoni mbali na mwanga mkali unawaumiza. Anza kwa kumpeleka kliniki ya macho apimwe, halafu akae dawati la mbele kabisa mbali na dirisha lenye jua, aruhusiwe kusogea ubaoni na kuvaa kofia pana na mikono mirefu hata kama si sare. Buigiri pale Chamwino shule ya wasioona ipo tangu 1950 na imesomesha watu, lakini sheria niliyoitaja juu inampa haki ya kusoma shule ya kawaida na wenzake. Mwalimu akikaza nenda kwa afisa elimu maalumu halmashauri. Babu naye mwambie mtoto hafichwi kama deni.

SWALI: Tuko watano Kongwa, wote tuna ulemavu. Mkopo wa halmashauri ni kweli hauna riba au ni maneno ya kampeni?

JIBU: Ni kweli. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, na haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, ndo maana wengi wanadhani imekufa. Sajilini kikundi, fungueni akaunti, mkamwone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Barua mtoe kopi mbili, moja igongwe muhuri mapokezi mrudi nayo nyumbani, maana ile asilimia mbili yetu ndo kila siku wanasema hakuna aliyeomba.