Kupe wa Magu na ugonjwa wa Lyme

Pole, ndugu yangu. Umeng'atwa na kupe zizini huko Magu, Mwanza, kisha ukasoma kwamba nusu ya kupe wana bakteria wa Lyme, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Hesabu hiyo ni ya baadhi ya maeneo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, tena kwa kupe wapevu wa miguu myeusi. Kwa wachanga, wenye bakteria hao huwa karibu robo. Kupe hao hawaishi kwetu.

Mimi ningemhofia zaidi papasi, kupe yule wa sakafu za udongo anayeuma usiku. Hubeba bakteria wa jamii hiyohiyo, waletao homa ya vipindi. Homa ikija, ikaisha, ikarudi, nenda kituo cha afya useme uling'atwa, wasipime malaria peke yake.

Na kupe mng'oe kwa kibanio, usimchome moto.