Barua kwa mwanangu: alichokataa Cicely Tyson

Mwanangu kipenzi,

Voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho na ile skripti uliyonitumia nimeisoma yote, nakujibu kwa kuandika kwasababu kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika ninapoenda. Umeniuliza yule mama mwigizaji mweusi wa Marekani ninayemtaja kila siku, Cicely Tyson, aliwezaje kukataa kazi miaka yote ile na bado akala na akajulikana, na je wewe ukiikataa hii ya beki tatu kwenye hiyo tamthilia si ndo utasahaulika moja kwa moja, maana wenzako wanaipigania. Swali zuri na nimeliwaza siku nzima huku nasuka watu.

Kwanza nikwambie kitu, watu wanamsimulia nusu nusu. Wanasema alikataa kazi za kudhalilisha watu weusi, basi, wanaishia hapo, na ukiishia hapo unaweza kufikiri alikuwa anataka kuigiza mabosi na wake za mawaziri. Hapana mama. Angalia alichokubali.

Mwaka 1972 kwenye muvi ya Sounder aliigiza Rebecca, mke wa mkulima mweusi kule Louisiana miaka ya 1930, wanalima shamba la mzungu kwa kugawana mavuno na hawana kitu ndani. Mume anaiba nyama ili watoto wale, anakamatwa anapelekwa kufanyishwa kazi ngumu, mama anabaki na watoto, na shamba, na nguo za watu za kufua. Sasa sikia hii, mwanzoni walitaka kumpa nafasi ya mwalimu kwenye muvi hiyohiyo, yani mtu msafi, msomi, anaheshimika, na dairekta Martin Ritt alimuona mdogo mno na mzuri mno kuwa Rebecca. Yeye akasema hapana, mimi namtaka Rebecca. Umeona hapo? Alimuacha mwalimu akamchukua mfua nguo. Kwahiyo umaskini wa yule mtu haukumsumbua hata kidogo, aliangalia kama ndani ya huyo mfua nguo kuna mtu, anayewaza, anayekasirika, anayempenda mume wake.

Itafute uangalie pale mume anaporudi. Yuko mbali kabisa barabarani, anachechemea, mbwa ndo anaanza kumtambua, Rebecca anasimama anakodoa macho kwanza, hajaamini, halafu anatoka mbio, mikono ameinyoosha mbele, gauni linapepea, anamwita jina huku anakimbia na wala hakimbii kwa urembo, anakimbia kama mwanamke aliyebeba nyumba peke yake muda mrefu na leo mwenzake amerudi. Hakuna maneno mengi pale. Mi kila nikiiangalia nalia na sioni aibu kusema. Kwa kazi hiyo aliteuliwa kugombea Oscar, mwaka huohuo na Diana Ross, wanawake weusi wawili kwa mpigo, tuzo akachukua Liza Minnelli.

Lakini kilichomfanya awe mkali kuchagua ni jambo lililomkuta wakati wa kuitangaza hiyo muvi, na alilisimulia mwenyewe mara nyingi. Mwandishi mmoja mzungu alimwambia kwamba ilimshtua kusikia yule mtoto mweusi kwenye muvi anamwita baba yake vilevile kama mtoto wake yeye anavyomwita. Yani mtu mzima, kazi yake kuandika, alikuwa hajawahi kufikiri kwamba na sisi tuna baba na mtoto anayemwita baba kwa mapenzi. Cicely akaona basi, kuigiza tu kwa kupenda kuigiza ni anasa ambayo yeye hawezi kuimudu, kila atakachokubali kuna mtu huko atakichukua kama ndo ukweli wa watu weusi. Na kumbuka huo ndo wakati Hollywood walikuwa wanatoa muvi nyingi za watu weusi ila nyingi zimejaa makahaba, wauza unga na bastola, na hela ilikuwepo. Akakaa pembeni.

Unauliza alikula nini. Sitakuficha, kukataa kulimgharimu. Tyler Perry, yule mtengeneza muvi, amewahi kusema kwamba kwa Sounder Cicely alilipwa dola 6,000 tu, na kwamba ndo maana yeye Perry alipokuja kumtumia uzeeni akampa dola milioni moja kwa kazi ya siku moja. Hebu pima, mtu ameteuliwa Oscar na mfukoni ana 6,000, halafu anasema hii sitaki na hii sitaki. Ila hakukaa bure. Kabla ya kuigiza alikuwa anapiga taipu ofisi za Red Cross, akatoka hapo akawa mwanamitindo, akaingia jukwaani, kule New York mwaka 1961 alikuwa kwenye mchezo wa The Blacks pamoja na James Earl Jones na Maya Angelou kabla dunia haijawajua, na televisheni alikuwa anaingia vipindi vya mara moja moja. Alikuwa na pa kushika huku anasubiri. Na wewe unapo, nimekufundisha kusuka tangu uko darasa la tano, hapo Dar msusi mzuri hakosi kodi ya chumba, usiniambie utakufa njaa.

Na la nywele lazima niliseme maana ndo kazi yangu. Kuna wakati alipewa kazi ya kuigiza mwanamke wa Kiafrika kwenye mchezo wa televisheni, akaona yule mwanamke hawezi kuwa na nywele zilizonyooshwa kama zake, basi kabla ya siku ya kazi akaenda kwa kinyozi Harlem, mtaa wa watu weusi kule New York, akasema nyoa, fupi kabisa, ziwe zilivyo. Halafu mwaka 1963 akapata kazi kwenye tamthilia ya East Side/West Side ya televisheni ya CBS, yeye ni sekretari kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, na George C. Scott ndo mhusika mkuu, na kila wiki anaonekana na zile nywele fupi za kwake, hakuna dawa, hakuna wigi, hakuna chanuo la moto. Kwa Marekani ya wakati ule lilikuwa jambo geni kabisa. Mwenyewe anasema wenye saluni walituma barua kulalamika kwamba anawaharibia biashara, wateja wanakata nywele zao! Mi mwenye saluni nawaelewa wale, mteja wa dawa ndo anayerudi, ndo kodi ya fremu hiyo. Lakini angalia alianzia wapi. Hakukata ili azungumziwe, alijiuliza tu huyu mtu ninayemwigiza kichwani angekuwa na nini. Tamthilia yenyewe ilidumu msimu mmoja ikafutwa, nywele zikabaki kwenye vichwa vya watu.

Miaka miwili baada ya Sounder, 1974, kwenye muvi ya televisheni akaigiza Jane Pittman, mwanamke aliyezaliwa utumwani akaishi mpaka miaka 110. Cicely ana miaka 49, anatakiwa awe binti wa miaka 23 mpaka huyo bibi kizee. Akaenda kwenye nyumba za wazee kuwaangalia, mkono unatetemeka vipi, bibi akitaka kusimama anaanza na nini, kisha saa nyingi kwenye kiti cha meikapu kila siku wanambandika ngozi ya uzee. Mwishoni kuna pale bibi anatembea peke yake na fimbo mpaka kwenye bomba la maji lililoandikwa wazungu tu, polepole sana, polisi wanamwangalia, anainama anakunywa. Basi. Alipata Emmy mbili, tuzo za televisheni, kwa kazi hiyo. Na kule Rhode Island kulikuwa na katoto kamoja, nyumba yao ina njaa kwelikweli, kakamuona yule bibi kwenye televisheni kakasema na mimi nataka kufanya hivi. Ndo huyo Viola Davis unayempenda. Miaka arobaini baadae Cicely akaja kuigiza mama yake kwenye tamthilia ya How to Get Away with Murder, na kuna sini mama amekaa juu, binti amekaa chini katikati ya magoti yake, anamchana nywele huku wanatoleana yaliyowakaa moyoni miaka yote. Sisi tunaijua hiyo, umekaa hivohivo kwenye magoti yangu.

Sasa turudi kwenye beki tatu wako. Wewe unadhani nitakwambia kataa kwasababu ni hausigeli. Mwanangu, mama mzazi wa Cicely alikuwa hausigeli! Wazazi wake walitoka kisiwa cha Nevis wakaja New York, mama akawa anafanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Na Cicely akiwa na miaka zaidi ya themanini alikubali kuigiza mtumishi wa ndani, Constantine, kwenye muvi ya The Help ya 2011. Hakuwahi kuona haya kwa kazi ya mama yake.

Shida ya skripti yako ni nyingine. Huyo binti hana jina. Nimetafuta ukurasa kwa ukurasa, wanamwita "Dada" tu. Anaingia na trei, anamwaga chai, anapigwa kofi, anaongea lafudhi ya kwetu Singida watu wanacheka, anatoka. Wameandika avae wigi chafu lililosimama. Nani amewaambia? Hapa saluni mabinti wa kazi za ndani wanakuja Jumapili wakipewa ruhusa, wanasuka mabutu au twende kilioni, safi, mistari imenyooka, kwasababu ndo siku yao pekee na mshahara ni wa kwao. Yupo mmoja anasomesha mdogo wake kwa hela ya kuosha vyombo, nikimsuka ananisomea matokeo ya mtihani ya mdogo wake kwenye simu, anasoma somo moja moja, anarudia hisabati mara mbili. Huyo ukimweka kwenye tamthilia watu watakaa. Na lafudhi yake ni ya kwetu, ongea nayo tu, bibi yako aliongea hivohivo mpaka anazikwa na hakuna aliyemcheka.

Kwahiyo usikatae kabla hujaongea. Nenda kwa dairekta na heshima zako, umwombe hata nusu saa, umuulize huyu dada anaitwa nani, kwao nani anamsubiri, akishapigwa kofi anaenda jikoni kufanya nini, maana kamera ikimfuata jikoni dakika moja tu hadithi yote inabadilika. Mwambie nywele utakuja nazo mwenyewe. Akikubali hata hayo machache fanya hiyo kazi, tena ifanye kwa nguvu zote, trei uishike kama mtu aliyeshika trei tangu ana miaka kumi na mbili. Akisema hapana sisi tunataka vichekesho tu, mshukuru, ondoka. Wenzako wataichukua na usiwaseme vibaya, kila mtu ana shida zake.

Kuhusu kusahaulika. Cicely alikaa miaka 30 bila kupanda jukwaa la Broadway kule New York, akarudi 2013 na mchezo wa The Trip to Bountiful, akachukua Tony, tuzo ya jukwaani, ana miaka 88. Mule ndani kulikuwa na sehemu anaimba wimbo wa kanisani, huuhuu tunaouimba sisi Ndiyo Dhamana, na watu waliokaa kwenye viti wakawa wanaitikia wanaimba naye, siku baada ya siku, hakuna aliyewaomba. 2016 Obama akamvisha nishani, 2018 wakampa Oscar ya heshima ana miaka 93, na amefariki Januari 2021 siku mbili tu baada ya kitabu cha maisha yake kutoka.

Siku ya hiyo Oscar alimtaja mama yake. Yule mama alikuwa mtu wa kanisa haswa, muvi kwake ni dhambi, binti aliposema anataka kuigiza akamfukuza nyumbani na wakakaa muda mrefu hawasemeshani. Na Cicely kashika tuzo mkononi akasema mama najua hukutaka nifanye hii kazi, lakini nimefanya, na hii hapa. Mi hapo ndo niliposimama mwanangu, maana wewe mlango wa kwetu hujawahi kufungiwa. Chumba chako kipo na shuka nimebadilisha juzi.

Ukitoka kwa dairekta nipigie, hata kama ni usiku. Jumamosi asubuhi tu sitapokea, nina bibi harusi na wapambe wake wote. Na wewe kichwa chako kipumzishe hizo rasta, nywele za mbele zinakatika, nimeona kwenye picha.

Mama yako